Dakika Mbili za Namba Nne

...na ndoo ndiyo hiyo inaondoka, Fundi Lifti ameikumbatia kwa mikono miwili isimwagike, anasukuma mlango wa jikoni kwa kiuno, mlango unarudi na kujifunga wenyewe, na mimi hapa mdomo umejaa, namba nne imeshapita meno na kutulia juu ya ulimi, mchanga umeshageuzwa, na haruhusiwi mtu kumeza wala kutema mpaka punje ya mwisho ianguke, sheria yenyewe niliitunga mimi, miaka sita iliyopita, kwa kujiona kwangu, nikawaambia mvinyo hauhukumiwi ukiwa baridi, uacheni kwanza upate joto la mdomo, dakika mbili, ndipo mseme, na wakanisikiliza kwa sababu mimi ndiye Pua, ndivyo wanavyoniita, Pua, na Daktari wa Meno mwenye nyumba hii akaenda jikoni kwake akaleta hiki kichupa cha mchanga cha kupimia mayai yanapochemka, na tangu siku hiyo kila Jumapili alasiri tunakaa kwenye meza yake ya kulia, watu wazima na akili zetu, mashavu yamefura, tunatazamana bila neno... itarudi, ndoo itarudi, anaimwaga tu kwenye sinki, anaisuuza, haichukui hata dakika moja na mimi nina mbili, sasa moyo unakwenda mbio wa nini, tulia, pumua kwa pua, pua si ndiyo jina lako, pumua... miezi tisa na siku nne sijameza, wao humeza mchanga ukiisha, mimi hutema, na hakuna anayeshangaa, niliwaambia vidonda vya tumbo, na mtu mwenye duka la dawa akisema ana vidonda vya tumbo nani atambishia, Mwalimu akasema pole sana Pua, nawe unajua kujitunza, na Daktari akatoa ndoo yake ya barafu, ya chuma, nzuri, akaniwekea karibu na mguu wa kiti, akasema hii itakuwa yako, dada wa watu, ana moyo safi, na mimi nikamwangalia usoni nikasema asante.

"Namba moja ilikuwa na haya," Mwalimu anasema, leo mchanga ni zamu yake, na mwenye mchanga huonja baada ya wenzake, kwa hiyo yeye peke yake mezani ana mdomo wa kusemea na anautumia vilivyo, alifundisha miaka thelathini na nane na kustaafu hakujamfundisha kunyamaza, "namba moja ni mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, hajui avue koti au asivue, lakini namba mbili, jamani, namba mbili ameingia akauliza chakula kiko wapi"... namba mbili ni yangu, hajui, hatakiwi kujua, zote nne zimevishwa soksi mpaka shingoni, ndiyo desturi yetu ya Jumapili ya mwisho wa mwaka, kila mtu analeta chupa yake iliyoshinda zote mwaka mzima, ugunduzi wake, imevaa soksi ili jina lisimtie mtu uoga, tunaonja, tunapiga kura, ndipo soksi zinavuliwa, na mimi yangu nimeivisha soksi ya kijivu ya kazini, chupa iliyonishinda mwaka mzima, loo, mvinyo nisioujua hata unavyoshuka kooni, nilimwuliza muuzaji watu wanausemaje akaniambia wanausema vizuri, nikabeba, Pua mzima nikabeba kwa maneno ya muuzaji, na sasa Daktari ananionyesha vidole viwili pembeni ya meza, mashavu yamemjaa, macho yanacheka, yaani kura yake ni namba mbili, na Mwalimu huyo hapo kishajisemea, Fundi kura yake imekufa kwa sababu alimeza mara tu mchanga ulipogeuzwa, hakuweza kujizuia, wakamcheka mpaka akaona haya, Mwalimu akamwambia adhabu yako kamwage ndoo imejaa, ndipo akaiinua, mbele yangu, na mimi nimeshanyanyua glasi, nimeshajaza mdomo, ningemkataza kwa ulimi gani... kura mbili, nashinda, na anayeshinda anabeba mabaki, hiyo pia desturi, hiyo pia ya kwangu, chupa zote zilizofunguliwa na kisichokwisha ndani yake vinakwenda nyumbani kwa mshindi, heshima yake, mwaka jana nilishinda nikavibeba kwenye kikapu vikigongana njia nzima, na mke wangu alinifungulia mlango akatazama kikapu, akanitazama mimi, akasema, karibu.

"Daktari," sauti ya Fundi kutoka jikoni, "hili sinki lako limeziba au linatafakari?" na Daktari hawezi kujibu, anapunga mkono kuelekea mlango uliofungwa kana kwamba Fundi anaona, Mwalimu anamjibia, "Subiri linywe taratibu, usilimwagie yote," "Nimeshamwagia yote mzee," "Basi subiri"... asubiri, asubiri mpaka lini, mchanga juu umebaki robo tatu, au umeshuka zaidi, sioni vizuri, mwanga wa dirisha unapiga kwenye kioo... na hii namba nne ni yake Fundi, najua, ndiyo maana ilimshinda kuikalisha mdomoni, alishatusimulia mwezi wa nane kwamba kuna mpishi wa hoteli alikwama kwenye lifti saa nne kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na chupa mkononi, chupa ya meza ya wakubwa, Fundi akamtoa akiwa amelowa jasho na chupa haijafunguliwa, mpishi akamsukumia chupa akamwambia chukua, mimi nilishaapa nikitoka hai siipeleki tena mezani, na Fundi akaifungia kabatini miezi minne akingoja leo, soksi yake ya kuchezea mpira ndiyo hiyo, ya bluu, ina tundu kisiginoni... na ni nzuri, hilo ndilo balaa, zile tatu za mwanzo nilizitema kama mtu anayesukutua, hazikunigusa, hii imekaa, mwanzo ni komamanga, halafu ile ladha ya ufunguo ulioshikwa muda mrefu kiganjani, halafu majani makavu, halafu inafungua mlango mwingine huko nyuma, moshi kidogo, ngozi, kitu kitamu kisichotaka kujionyesha, na kila inavyopata joto inasogea, inateremka yenyewe kuelekea nyuma ya ulimi, nairudisha mbele, inateremka, nairudisha... koo linajikunja, koo lina akili zake, halijui kiapo.

Kiapo sikula hata mbele ya mashahidi, nililia tu, nikiwa nimekaa kwenye ndoo nyuma ya duka, ndoo nyingine, ya kudekia, imegeuzwa juu chini, nikamwambia mke wangu sirudii... ilikuwa Jumanne, mabaki ya ushindi yalikwisha siku nyingi lakini nilikuwa nimeshazoea glasi ya mchana, glasi moja, halafu ile ya kusindikiza ile moja, nikarudi kaunta nikiwa mzima, nasema nilikuwa mzima, nilikuwa natania wateja, mkono umenyooka, na mama mmoja akaja na mtoto mgongoni, kitambaa chake cha kichwa cha manjano, dawa ya kifafa ya mtoto, ya maji, karatasi ya daktari imeandikwa wazi hata kipofu angeisoma kwa kidole, kijiko kimoja, nami nikaandika kwenye chupa vijiko vitatu, kwa mwandiko mzuri, mwandiko wangu ni mzuri sana nikishakunywa, mke wangu akaifunga kwenye karatasi, akampa, akamwambia mtoto apone, mama akatoka... na sisi huwa tunaandika mara mbili, kwenye chupa na kwenye daftari, na yeye ndiye anayepitia daftari, alikuwa anapitia tu, kalamu mdomoni, halafu kalamu ikaanguka, aliruka ile sehemu ya kaunta inayonyanyuka bila kuinyanyua, mwanamke wa miaka hamsini na moja, akakimbia, ndala moja ikabaki kwenye mtaro nje ya duka, nikaiona kwa mlango, ya kijani, nikajiuliza anakimbilia wapi huyu, nikacheka, hilo sijamwambia mtu na sitamwambia, nilicheka.

"Limekwenda," anasema Fundi jikoni, "hapana, limegoma tena," na Mwalimu anainama akitazama mchanga kwa jicho moja, "Bado, bado, Pua kakunja uso, mmemwona Pua, mkimwona Pua kakunja uso namna hiyo jueni kuna kitu," na Daktari anaitikia kwa kichwa, ananitazama kwa heshima, heshima kabisa, nimekunja uso kwa sababu limeshuka tone, tone moja tu, pembeni, sikulimeza, limejipenyeza, hayo hayahesabiki, siku zote huwa linajipenyeza tone, hata mwezi wa tatu lilijipenyeza, hata Jumapili iliyopita, matone mawili matatu, ulimi si mfereji wa bati, nani atauzuia usilowe... alimkuta mbele ya duka la vitambaa, mtaa wa pili, alimshika mkono akashindwa kusema, pumzi imekatika, yule mama akaogopa akidhani ni mwizi, halafu mke wangu akamwambia samahani mdogo wangu, nimekosea mimi kuandika, nipe chupa, na mtoto alikuwa hajaonja hata kijiko, hajaonja, amelala mgongoni na mate yamelowesha nguo ya mama yake, hayo nilisimuliwa baadaye na mwenye duka la vitambaa, alikuja kununua dawa ya kichwa akasema shemeji yetu siku ile alikosea, kweli binadamu hatukamiliki, nami nikaitikia, eeh, hatukamiliki, nikamrudishia chenji yake... nimekosea mimi, alisema mimi, na mwandiko ni wangu, mtu yeyote angejua ni wa kwangu, alirudi amebeba ile chupa, akapita mbele yangu, akaenda bomba la nyuma akaosha mguu uliokuwa peku, ulikuwa umekatwa chini ya kidole kikubwa, maji yakaenda mekundu kidogo halafu yakawa meupe, nikataka kumfunga kitambaa akasema nitajifunga, akajifunga, akasema mume wangu, mimi sitakimbia tena, hivyo tu, bila kupandisha sauti, kama anayesema kesho tutafungua saa mbili.

Na hakukimbia tena, hajalazimika, nimekuwa mtu, mwandiko wangu sasa ni mbaya na sahihi, miezi tisa, na Jumapili anajua ninakokuja, sijamficha, nilimwambia nitakuwa natema, huko kutema ndiko kazi yenyewe, hata wataalamu wakubwa wanatema, akasema unajijua, na unajijua si ndiyo wala siyo, lakini nilijichukulia kuwa ni ndiyo... mchanga sasa umekuwa shimo dogo katikati, unakwenda haraka, mwishoni huwa unakwenda haraka, na ndoo iko jikoni, na mchanga ukiisha Daktari atameza, Mwalimu atachukua ya kwake, wote watanigeukia, Pua tuambie, nami nitafanya nini, nitanyanyuka niende jikoni mbio mashavu yamefura mbele za watu, au nitameza, mdomo mmoja, kijiko kimoja, vijiko vitatu, mdomo mmoja una vijiko vingapi, nani atajua, wataona nimemeza watasema tumbo limepona, hongera Pua, na nyumbani nitafika nimenyooka, mdomo mmoja haumleweshi mtu, tena mvinyo wa namna hii ni dhambi kuurudisha kwenye ndoo ukachanganyike na mate ya mwaka mzima, mpishi wa watu alikaa nao saa nne gizani, Fundi miezi minne, halafu mimi niuteme kwenye sinki lililoziba, hiyo si adabu, kwa adabu tu, kwa heshima ya Fundi... unasikia unavyosema, unajisikia wewe mtu mzima unavyotafuta mlango.

Glasi. Glasi iko hapa mbele yangu, nimeishika mkononi muda wote huu, mdomo wake mpana, ndani imebaki kidogo tu, inaingia kichwa cha mtoto mchanga, ningeinama kidogo ningeurudisha humo na hakuna ambaye angesema neno, sheria ingevunjika, basi, Mwalimu angenifutia kura kama alivyomfutia Fundi, tungecheka, ningefuta mdomo... kwa hiyo sikukosa ndoo, tangu mlango ule ujifunge nimekaa nalia na ndoo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba na ufunguo mfukoni, sijaitazama glasi hata mara moja, nimetazama mlango, mchanga, dirisha, chungu cha maua kilicho dirishani, vidole vya Daktari, glasi sikuitazama, maana sikutaka, sitaki, nataka hii ikae hapa ilipo, hivi, isishuke na isitoke, kila Jumapili nimetaka hivi, na Jumatatu naanza kuhesabu, Jumatatu, Jumanne, napima dawa za watu huku nahesabu, Ijumaa ulimi unaanza kulowa wenyewe, Jumamosi nina furaha nyumbani mpaka watoto wakipiga simu wanasema baba leo sauti yako nzuri, na nimejiita mtu aliyeacha, miezi tisa na siku nne, siku zote hizo ndizo nilizokuwa nikijipongezea nazo kwenye kioo nikinyoa ndevu, siku ngapi kati ya hizo sikuwa hapa kwenye meza hii, mdomo umejaa, hata nikiwa kaunta, hata nikiwa nimelala karibu yake.

"Robo," anasema Mwalimu, "wanafunzi, robo ya mwisho, kalamu chini karibu"... na yeye alijua, mke wangu, mbona sikuliona hili, leo saa tisa natoka na chupa yangu ndani ya soksi, Jumapili duka liko wazi, yeye ndiye anayekaa kaunta, alikuwa kwenye kile kigoda cha nyuma ameinama anafunga kamba za viatu, raba nyeupe, kamba anazifunga mara mbili, fundo juu ya fundo, nikamwambia nakwenda, akasema haya, hakuinua kichwa mpaka amalize la pili, na hizo raba anazivaa kila siku, kila siku ya kazi, dukani, mahali anaposimama mtu kutwa nzima joto la miguu linampanda, miaka yote amevaa ndala, na mimi nilipoona raba nilisema ni visigino, umri huo, nikampa mafuta ya kuchua, mfamasia mzima, nikamwelekeza achue asubuhi na jioni, akasema asante, na kile kichupa cha mafuta nimekiona juzi nyuma ya mizani, kifuniko hakijakatwa... si visigino, si visigino, alianza kuzivaa lini, sihitaji kuhesabu, Jumatano, ile Jumatano iliyofuata ile Jumanne, alikuja nazo mpya, mguu bado una kitambaa, na amezivaa tangu hapo, na kila chupa ninayoandika anaisoma akiwa amegeukia kabati kama mtu anayepanga boksi, midomo inachezacheza, anaisoma mara mbili, halafu ndipo anafunga karatasi, na mimi nilikuwa nasema moyoni ameniamini, amesahau, tumevuka... alisema hatakimbia tena na amekaa miezi tisa amefunga kamba mara mbili, tayari, hata sasa hivi, Jumapili saa kumi na kitu, mimi sipo dukani, dawa ninazoandika mimi hazipo, na bado amezifunga, kwa sababu nitarudi, ananingojea nirudi akiwa amevaa viatu vya kukimbilia.

Mlango wa jikoni unagonga ukuta, Fundi huyo, ndoo inaning'inia kidole kimoja, tupu, inang'aa, "Limeshuka lote," anasema, "Daktari, hunidai chochote, mimi ndiye nakudai sabuni ya kunawa," Mwalimu anamnyamazisha, kijiko chake cha kugonga mezani kimeinuliwa kikingoja punje ya mwisho, Daktari ananitazama, wote wananitazama, Pua atasemaje, nami najua nitakachosema na si habari ya komamanga, ndoo imetua karibu na mguu wangu na sasa haina maana yoyote, ndoo si kitu, nataka kwenda dukani kwa miguu yangu, saa hii, kabla hajafunga, nipite pale mbele ya duka la vitambaa, niinue ile sehemu ya kaunta, nipige goti kwenye sakafu na vumbi lake, nifungue yale mafundo moja moja kwa kucha, nimwambie vua mke wangu, vua, pumzisha miguu, na ajue nasema kweli... mchanga bado, punje zinashuka, na siwezi kumwambia kitu chochote, mdomo umejaa.